Usomaji wa vitabu na ufasaha wa kuzungumza

Usomaji wa vitabu na ufasaha wa kuzungumza ni mada katika elimu ya lugha inayohusu namna mambo ambayo msomaji hukutana nayo katika maandishi, yaani maneno, miundo ya sentensi na mpangilio wa hoja, yanavyoingia katika usemi wake. Walimu wa lugha wamelitambua jambo hili kwa muda mrefu, na limechunguzwa pia kwa majaribio shuleni na majumbani.

Kwa jumla, kitabu humpa msomaji lugha ambayo mazungumzo ya kila siku hayampi. Lakini lugha hiyo haiingii kinywani yenyewe. Hubaki katika ufahamu mpaka msomaji aitumie kwa kusoma kwa sauti, kusimulia alichosoma au kukijadili na wenzake.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili mada hii ina uzito wa pekee. Wengi wao wamejifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na Kiswahili sanifu hukutana nacho zaidi darasani, redioni na vitabuni kuliko nyumbani. Mtu anapotakiwa kujieleza mahakamani, kwenye mkutano wa kijiji au kwenye usaili wa kazi, ndipo upungufu wa lugha hiyo unapomgharimu.

Maana ya ufasaha

Ufasaha ni uwezo wa kusema jambo likaeleweka kama msemaji alivyokusudia, kwa maneno yanayofaa, kwa sarufi sahihi na bila kukwamakwama. Haumaanishi kusema haraka wala kutumia maneno magumu. Mtu anayesema polepole kwa maneno ya kawaida anaweza kuwa fasaha kuliko anayemwaga istilahi ambazo wasikilizaji hawazijui.

Ufasaha una sehemu kadhaa:

- Msamiati: kuwa na neno linalofaa kwa jambo linalosemwa.
- Sarufi: kuyaunganisha maneno kwa upatanisho na nyakati zinazotakiwa.
- Matamshi: kutoa sauti, mkazo na kiimbo kinachoeleweka.
- Mpangilio: kuanza, kuendeleza na kumaliza hoja bila kumpoteza msikilizaji.
- Rejesta: kujua lugha ipi inafaa kwa nani na mahali gani.

Usomaji husaidia zaidi msamiati, sarufi na mpangilio. Kwa matamshi husaidia kwa kiasi tu. Kwa rejesta unaweza kusaidia, lakini pia unaweza kumpotosha asomaye bila kusikiliza watu.

Katika ufundishaji wa lugha hutajwa stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kusikiliza na kusoma ni stadi za kupokea, na kuzungumza na kuandika ni stadi za kutoa. Uhusiano wa usomaji na usemi ni sehemu ya swali pana la namna stadi za kupokea zinavyozilisha stadi za kutoa.

Tofauti ya lugha ya vitabu na lugha ya mazungumzo

Mazungumzo ya kawaida hufanyika uso kwa uso. Wanaozungumza wanaonana, wanaweza kuonyesha kitu kwa kidole, kukatizana na kuulizana. Kwa sababu hiyo maneno machache hutosha: "lete kile", "weka pale", "yule jamaa wa jana". Mwandishi hana nafasi hiyo. Msomaji wake yuko mbali na hawezi kumuuliza, kwa hiyo mwandishi analazimika kukitaja kitu kwa jina lake, kueleza nani alimfanyia nani jambo gani, na kuonyesha uhusiano wa jambo moja na jingine.

Mwaka 1988 watafiti Donald Hayes na Margaret Ahrens wa Marekani walilinganisha wingi wa maneno adimu katika aina mbalimbali za lugha ya Kiingereza. Neno adimu kwao lilikuwa neno lisilo miongoni mwa maneno 10,000 yatumikayo zaidi. Kwa kila maneno 1,000 walipata wastani ufuatao:

- Magazeti: maneno adimu 68.3
- Vitabu vya watu wazima: 52.7
- Vitabu vya watoto wa shule: 30.9
- Vipindi vya jioni vya televisheni kwa watu wazima: 22.7
- Mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo kikuu: 17.3

Kwa hesabu hiyo, kitabu cha hadithi cha mtoto wa shule kina maneno adimu mengi kuliko maongezi ya watu wazima wenye elimu ya chuo. Takwimu hizi ni za Kiingereza na haziwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenye Kiswahili, ambacho huunda maneno yake kwa viambishi. Sababu yenyewe, hata hivyo, ni ileile: maandishi hulazimika kutaja kinaganaga yale ambayo mazungumzo huyaachia macho na mikono.

Jinsi usomaji unavyosaidia usemi

Msamiati

Katika mazungumzo, vitenzi "enda" na "tembea" hutosha kwa karibu kila mwendo. Katika riwaya, mhusika hunyata asisikike, huchechemea akiwa ameumia mguu, hupepesuka akiwa amelewa au ana kizunguzungu, hujikongoja akiwa mzee au mgonjwa, na huranda akiwa hana mahali maalumu anapokwenda. Msomaji anayekutana na vitenzi hivi mara kwa mara huelewa tofauti zake kutokana na kisa chenyewe, mara nyingi bila kufungua kamusi.

Wapo wanaoyapata maneno ya namna hii bila kitabu. Mkulima hufyeka pori, hupogoa matawi na huchanja kuni, na fundi hupasua mbao. Kila mmoja anayajua maneno ya kazi yake kwa sababu anaifanya. Faida ya kitabu ni kumpa mtu maneno ya kazi na maisha asiyoyaishi. Mtoto wa mjini husoma habari za uvuvi akajua ngalawa, tanga na demani. Mtoto wa bara akasoma habari za mahakama akajua mshtakiwa, shahidi na rufaa.

Kundi jingine la maneno linalopatikana zaidi katika maandishi ni viunganishi na maneno ya kuonyesha uhusiano wa hoja, kama vile "ilhali", "licha ya", "maadamu", "aghalabu", "hata hivyo", "kwa mujibu wa" na "sembuse". Asiyekuwa nayo huunganisha kila jambo kwa "na", "halafu" na "yaani". Anaweza kuwa na hoja nzuri, lakini msikilizaji haoni ipi ni sababu, ipi ni matokeo na ipi ni pingamizi.

Usomaji husaidia pia kutofautisha maneno yanayokaribiana. "Kuwasilisha" ripoti ni kuitoa mbele ya watu, na "kuwakilisha" wilaya ni kusimama kwa niaba yake. "Kuadhimisha" siku ni kuikumbuka kwa sherehe, na "kuazima" kitu ni kukichukua kwa ahadi ya kukirudisha. Katika mazungumzo ya haraka maneno haya huchanganywa, lakini katika maandishi yaliyohaririwa hubaki mbalimbali.

Sarufi

Kiswahili hupatanisha nomino na vivumishi, vionyeshi na vitenzi vyake kwa kufuata ngeli. Wanafunzi wanaojifunza ngeli kwa jedwali peke yake huweza kuzitaja zote na bado wakasema "hii kitabu" badala ya "kitabu hiki", au "mtu mwenye amekuja" badala ya "mtu aliyekuja". Wengine husema "nyimbo hii" wakikusudia "wimbo huu".

Msomaji wa vitabu vingi hukutana na upatanisho sahihi katika kila ukurasa. Baada ya muda sikio lake huzoea, akalihisi kosa kabla ya kukumbuka kanuni inayolikataza. Ndivyo wazungumzaji wa asili wa lugha yoyote wanavyoijua sarufi yao: kwa mazoea ya kuisikia ikitumika, si kwa kukariri majedwali.

Inafaa kukumbuka kuwa Kiswahili cha mazungumzo cha miji kama Nairobi na Lubumbashi kina utaratibu wake, na wenyeji huelewana nacho vizuri. Kiswahili sanifu huhitajika pale msemaji anapotaka kueleweka na Waswahili wa kila mahali, au anapozungumza katika shughuli rasmi.

Matamshi

Tahajia ya Kiswahili huenda pamoja na matamshi kwa karibu sana. Kila irabu ina sauti moja, na mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Kwa sababu hiyo kusoma kwa sauti humsaidia mwenye athari za lugha ya kwanza kuona tofauti asizozisikia. Asiyetenganisha /r/ na /l/ huona kwamba "mahali" ni sehemu na "mahari" hutolewa kwa ajili ya ndoa, na kwamba raia hupiga "kura", hapigi "kula". Asiyetoa sauti ya /th/ huona kwamba "thamani" ni kiasi cha ubora au bei ya kitu, wakati "samani" ni viti, meza na vitanda.

Hata hivyo, maandishi hayaonyeshi kila kitu. Neno "barabara" likiwa na mkazo wa kawaida ni njia ya magari. Mkazo ukiwekwa katika silabi ya pili kutoka mwanzo, maana yake ni sawasawa au vizuri kabisa. Maandishi yake ni yaleyale. Vilevile kiimbo cha kauli, cha swali na cha mshangao hujulikana kwa kusikia. Mtu anayejifunza matamshi kwa vitabu peke yake huhitaji bado mwalimu, redio au wenyeji.

Mpangilio wa hoja

Vitabu huonyesha namna jambo refu linavyogawanywa. Insha ina utangulizi, hoja na hitimisho. Riwaya ina kisa kinachoanza, kinachopanda na kinachofunguka. Msomaji aliyezoea miundo hii huweza kuitumia anaposimama kusema, hata kama hajawahi kufundishwa utunzi wa hotuba.

Baadhi ya vitabu vya Kiswahili vina mifano ya hotuba ndani yake. Katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, sehemu kubwa ya kitabu ni utetezi wa Karama mbele ya baraza linalomshtaki. Karama hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake, mmoja baada ya mwingine, na kila habari huongeza uzito wa hoja yake. Tamthilia ya Shakespeare Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1963, ina hotuba ya Brutus na ile ya Mark Antony kwa umati uleule wa Waroma. Msomaji anaweza kuzilinganisha na kuona jinsi hotuba ya pili inavyougeuza umati uliokwisha kukubaliana na ya kwanza.

Kutoka kuelewa hadi kusema

Kila mtu anaelewa maneno mengi kuliko anayoyatumia. Maneno anayoyaelewa huitwa msamiati pokezi, na anayoyatumia mwenyewe huitwa msamiati tumizi. Usomaji wa kimyakimya hupanua zaidi ule wa kwanza. Ndiyo sababu mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani wa kuandika kuhusu riwaya aliyoisoma, lakini akiombwa kuisimulia kwa dakika tano akakwama.

Pengo hili lilionekana wazi nchini Kanada, katika shule ambako watoto wa familia za Kiingereza walifundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka kadhaa watoto hao walielewa Kifaransa cha kusoma na kusikia karibu sawa na wenzao wa familia za Kifaransa, lakini waliposema walikuwa bado na makosa mengi ya sarufi. Mwaka 1985 mwanaisimu Merrill Swain alieleza kuwa kupokea lugha hakutoshi. Mtu anapolazimika kuitoa ndipo anapogundua asichokijua, kwa maana katika kusoma anaweza kuelewa maana bila kutazama umbo la sentensi, lakini katika kusema hawezi kukwepa kuiunda sentensi yenyewe.

Daraja kati ya pande hizi mbili ni shughuli zinazounganisha kitabu na kinywa. Kusoma kwa sauti huzoesha ulimi maneno na miundo. Kusimulia humlazimu msomaji kuyakumbuka maneno bila kuyatazama. Kujadili humlazimu kuyatumia katika hoja yake mwenyewe, mbele ya mtu anayeweza kumpinga.

Majaribio

Jaribio mojawapo linalotajwa sana katika mada hii lilifanyika katika shule za vijijini nchini Fiji mwanzoni mwa miaka ya 1980, na matokeo yake yalitolewa na Warwick Elley na Francis Mangubhai mwaka 1983. Wanafunzi walikuwa wa shule za msingi waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, katika mazingira yenye vitabu vichache. Madarasa kadhaa yalipewa vitabu vya hadithi 250 kila moja. Katika baadhi ya madarasa hayo mwalimu alisoma hadithi kwa sauti pamoja na wanafunzi na kuijadili nao. Katika mengine wanafunzi walijisomea kimya. Madarasa ya kulinganishia yaliendelea na masomo ya kawaida ya lugha.

Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi waliopewa vitabu walikuwa wamepiga hatua takriban mara mbili ya wenzao katika ufahamu wa kusoma na wa kusikiliza. Katika mwaka wa pili manufaa yalienea hadi katika stadi nyingine, zikiwemo sarufi na uandishi. Jaribio hili lilionyesha kwamba vitabu vya hadithi vinavyopendeza vinaweza kuifikisha lugha mbali kuliko mazoezi ya sentensi moja moja.

Jaribio jingine, la Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani, lilitolewa mwaka 1988 na lilihusu watoto wadogo wa karibu miaka miwili na mitatu. Wazazi wa makundi yote mawili waliwasomea watoto wao vitabu vya picha nyumbani kwa mwezi mmoja. Wa kundi la kwanza walifundishwa kusimama katikati ya hadithi na kumuuliza mtoto maswali yanayohitaji maelezo, kisha kulipanua jibu lake. Wa kundi la pili walisoma kama walivyozoea. Mwisho wa mwezi, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele katika vipimo vya kujieleza. Kwa kuwa makundi yote yalisomewa, kilicholeta tofauti ni nafasi waliyopewa watoto ya kusema.

Mfano wa kihistoria: Frederick Douglass

Miongoni mwa watu ambao habari zao zinaonyesha uhusiano wa kitabu na usemi ni Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1818. Akiwa mtoto alipelekwa katika mji wa Baltimore, nyumbani kwa Hugh Auld. Mke wa Auld, Sophia, alianza kumfundisha herufi, lakini mumewe alimkataza, akisema mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Douglass aliendelea kujifunza kwa siri, wakati mwingine kwa kuwapa mkate watoto wa kizungu wa mitaani ili wamfundishe.

Akiwa na umri wa karibu miaka 12 alinunua kwa senti 50 kitabu kilichoitwa The Columbian Orator, kilichotungwa na mwalimu Caleb Bingham na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1797. Kilikuwa kitabu cha shule chenye hotuba na majadiliano ya kusomwa kwa sauti, pamoja na maelekezo ya namna ya kusimama, kutamka na kutumia mikono. Moja ya majadiliano hayo ni kati ya bwana na mtumwa wake aliyetoroka na kukamatwa. Mtumwa anazijibu hoja zote za bwana, hata bwana anamwachia huru. Douglass alieleza baadaye kwamba alikisoma kitabu hicho kila alipopata nafasi, na kwamba kilimpa maneno ya mawazo aliyokuwa nayo lakini hakuweza kuyasema.

Douglass alitoroka utumwani mwaka 1838. Mnamo Agosti 1841, katika mkutano wa wapinzani wa utumwa kisiwani Nantucket, alisimama kusimulia maisha yake, akaajiriwa kuwa msemaji wa chama chao. Alizungumza vizuri kiasi kwamba baadhi ya wasikilizaji walikataa kuamini kuwa alikuwa mtumwa, na baadhi ya rafiki zake walimshauri aache kidogo usemi wa mashambani ubaki katika lugha yake ili aaminike. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake chenye majina ya watu na mahali, kwa sehemu ili kuondoa shaka hiyo, ingawa kwa kufanya hivyo alijiweka katika hatari ya kukamatwa tena.

Kitabu hakikuwa mwalimu wake pekee. Kabla ya kutoroka aliwafundisha watumwa wenzake kusoma katika shule ya siri ya Jumapili, na baada ya kuwa huru alizungumza katika mikutano ya kanisa. Alichokisoma alikuwa na mahali pa kukisema.

Katika Afrika Mashariki

Kiswahili sanifu na shule

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Kwa hiyo Kiswahili sanifu kilienea tangu mwanzo kwa njia ya maandishi, na hata leo watu wengi wa bara hukipata kupitia vitabu vya kiada na fasihi.

Nchini Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini katika sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa sekondari hukutana na Kiswahili cha kujenga hoja ndefu katika masomo machache tu. Vitabu teule vya fasihi, kama tamthilia ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba au riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, huwa kwa wengi ndiyo maandishi marefu ya Kiswahili waliyowahi kuyasoma hadi mwisho.

Tatizo linalojulikana na walimu ni kusoma kwa ajili ya mtihani peke yake. Wanafunzi hukariri muhtasari wa dhamira na wahusika kutoka katika vijitabu vya maswali na majibu, bila kukisoma kitabu chenyewe. Hufaulu swali, lakini hawapati lugha ya mwandishi, kwa kuwa muhtasari hauna vitenzi, mazungumzo wala taswira za kitabu. Mahali penye nakala chache walimu wengine humpa mwanafunzi mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatilie. Njia hii, iliyoanza kwa uhaba, huwa na faida ya kuwazoesha wanafunzi kusoma mbele ya watu.

Nchini Kenya riwaya na tamthilia za Kiswahili zimekuwa sehemu ya mtihani wa kidato cha nne. Mmoja wa waandishi waliosomwa sana shuleni ni Ken Walibora, mtunzi wa Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea, ambaye pia alikuwa mtangazaji wa habari za Kiswahili katika televisheni. Kazi yake ni mfano wa lugha ya kitabu na lugha ya utangazaji kukaa kwa mtu mmoja.

Vikundi vya kusoma na kujadili

Baada ya mwaka 1970 kutangazwa nchini Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ziliendeshwa kampeni zilizounganisha redio, vijitabu na majadiliano. Kubwa iliyojulikana zaidi ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofikia watu wapatao milioni mbili. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu kwa sauti na kiongozi wa kikundi au mwanakikundi anayejua kusoma, kisha wakajadili na kuamua la kufanya, kama kuchimba vyoo au kuondoa mazalia ya mbu.

Lengo la kampeni lilikuwa afya. Lakini utaratibu wake uliwapa watu wazima, wengine wakiwa wamejifunza kusoma karibuni, nafasi ya kuchukua maneno ya kijitabu na kuyatumia hapohapo mbele ya majirani.

Maktaba na vitabu vya watoto

Maktaba Kuu ya Taifa ya Tanzania ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria mwaka 1965. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umesaidia kutolewa kwa hadithi za Kiswahili za watoto na kuzifikisha shuleni. Vitabu hivi vina umuhimu kwa mada hii kwa sababu mtoto asiyepata hadithi za lugha yake hubaki na kitabu cha kiada, ambacho hakina mazungumzo mengi ya watu.

Mbinu zinazotumika

Walimu na wanafunzi wa lugha hutumia mbinu zifuatazo kuhamisha lugha ya kitabu kwenda katika usemi:

1. Kusoma kwa sauti kwa muda mfupi kila siku. Dakika 10 hadi 15 hutosha, kwa kuzingatia vituo: mkato ni pumziko fupi, nukta ni pumziko refu.
2. Kusimulia upya. Msomaji hufunga kitabu baada ya sura na kuisimulia kwa maneno yake, kwa mtu mwingine au kwa kujirekodi kwenye simu.
3. Daftari la maneno. Neno jipya huandikwa pamoja na sentensi lilimopatikana, kisha hutungiwa sentensi nyingine na kusemwa. Orodha ya maneno na maana peke yake husahaulika haraka.
4. Kuigiza tamthilia. Kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika. Mbinu hii hufundisha kiimbo na kupokezana zamu.
5. Kujadili na kutetea upande. Swali kama "Je, mhusika huyu alistahili adhabu aliyopata?" hulazimisha hoja na mifano kutoka kitabuni.
6. Kuwasomea watoto na kuwauliza. Maswali ya "kwa nini" na "ungekuwa wewe ungefanyaje" humfanya mtoto aseme sentensi nzima, tofauti na maswali ya ndiyo au hapana.
7. Kuchanganya aina za vitabu. Tamthilia hutoa mazungumzo, riwaya hutoa maelezo, insha na hotuba hutoa hoja, na vitabu vya maarifa hutoa istilahi.

Kitabu kinachofaa ni kile ambacho msomaji anaelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Kikiwa na maneno mageni katika kila mstari, msomaji huchoka, na maana ya maneno hayo haiwezi kukisiwa kutokana na kisa.

Mipaka

Ufasaha haukuanza na vitabu. Waswahili walikuwa na malenga, manju, wasimulizi na wazee wa baraza waliosifiwa kwa usemi wao bila kutegemea maandishi. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1950, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Watu kama yeye walipata lugha kwa kusikiliza sana na kuitumia sana. Kitabu hufanya kazi ileile kwa mtu ambaye hana msimulizi wala baraza karibu naye.

Usomaji bila kusikiliza watu unaweza kuleta usemi usiofaa mahali. Anayemwambia muuza nyanya sokoni "Ningependa kufahamishwa thamani ya bidhaa hizi" hajakosea sarufi, lakini amekosea mahali, "Fungu bei gani, mama?" ingetosha. Vilevile maneno ya ushairi wa kale hayafai kila hadhara, hata yakiwa mazuri.

Ubora wa kitabu nao una athari. Tafsiri iliyofuata mno muundo wa lugha nyingine, au kitabu kilichochapishwa bila kuhaririwa, humfundisha msomaji makosa kwa njia ileile ambayo kitabu kizuri humfundisha usahihi.

Mwisho, si kila kukwama katika kusema hutokana na upungufu wa lugha. Kigugumizi na hofu ya hadhara vina sababu zake, na mtu mwenye hali hizo anaweza kuwa msomaji mkubwa. Kusoma kwa sauti mbele ya watu wachache anaowaamini kunaweza kumpunguzia woga, lakini kigugumizi huhitaji msaada wa mtaalamu wa usemi, na kumlazimisha mwanafunzi wa namna hiyo kusoma mbele ya darasa kunaweza kumzidishia shida.

Tazama pia

- Usomaji
- Fasihi simulizi
- Kiswahili sanifu
- Ngeli
- Maktaba
- Elimu ya watu wazima